Mkamelia wa Nyumba Mbili

Kuwazuru, Kikuchi
Tarehe 30 Machi 1984

Kwa dada yangu Tazu,

Salamu zangu zikufikie huko Registro, Brazili, wewe, watoto na wajukuu, pamoja na yule kitukuu ambaye picha yake nimeiegemeza kwenye redio ili nimwone kila ninapokunywa chai. Mimi ni mzima. Kifua kilichonisumbua wakati wa baridi kimetulia, na meno niliyobaki nayo yanatosha kwa tofu na viazi. Magoti yako je? Binti yako Helena aliniandikia kwamba siku hizi unatembea na fimbo, na kwamba akija mgeni unaificha nyuma ya mlango. Acha kuificha, dada. Umri wa miaka sabini na moja si siri tena. Na shamba lako la chai linaendeleaje? Chai na kamelia ni ndugu, kwa hiyo nikisikia chai yako imechipua vizuri hufurahi kama mtu aliyeletewa habari njema za binamu yake.

Huku kwetu nyumba zinazotoa moshi asubuhi zilikuwa zimebaki mbili, yangu na ya Isoji wa kina Ogata. Kina Inadome walifunga milango mwaka juzi wakahamia mjini. Shule uliyosomea sasa inaoteshwa uyoga. Tangu mke wangu Sumie afariki, kuna siku jua linazama sijatamka neno hata moja, na jioni najikuta naliambia birika, "Haya, chemka basi," ili nihakikishe sauti bado ipo. Sisemi haya ili unihurumie. Nasema ili uelewe kwa nini mambo nitakayokusimulia yamenishika hivi.

Barua hii ni ndefu. Nakuomba uisome kwa mpangilio nilioiandika, usirukie ukurasa wa mwisho kama ulivyokuwa ukifanya na vile vitabu vya kukodi, mama akikugombeza.

Nianze na habari mbaya. Mkamelia wetu umekufa.

Nasema ule wa makaburini, ule babu aliouita Kope kwa sababu ya nyuzi za njano zinazojaa katikati ya ua, nyingi na zimesimama, kama kope za mtoto aliyeamka sasa hivi. Najua hujausahau. Petali zake nyeupe zilikuwa na michirizi myekundu, na hapakuwa na maua mawili yaliyofanana. Wewe uliniinua nikiwa mdogo nikachagua moja, nikachagua bichi, ukacheka.

Niliutunza kama baba alivyonifundisha, naomba uliamini hilo. Upepo ulipoleta majivu ya mlima wa volkano wa Aso nilipanda na ndoo na kitambaa nikaosha majani, moja moja yale ya chini, kwa bomba yale ya juu. Mwezi wa tano na wa tisa nilikagua migongo ya majani kutafuta wale viwavi wanaojipanga bega kwa bega kama askari wa gwaride, nikakata jani zima na kulichoma, maana manyoya yao yakikupata shingoni utajikuna mpaka ukose adabu mbele za watu. Nilipogoa mara tu maua yalipokwisha, sikusubiri kiangazi, kwa sababu wakati huo matumba ya mwaka unaofuata yameshaanza kujificha kwenye ncha. Vuli nilipunguza matumba, kila kijiti nikakiachia moja, ili ua litoke kubwa. Sumie alikuwa akisema laiti ningemtazama yeye kwa makini namna ile. Alikuwa anatania, lakini si sana.

Basi mwaka juzi mvua za mwezi wa sita zilibomoa mtaro wa mawe juu ya makaburi. Maji yakatuama kwenye mizizi, na mimi nilikuwa kitandani na kifua. Nilipopata nguvu ya kupanda, ardhi ilikuwa inanuka kama chombo cha kachumbari kilichosahauliwa. Niliufungua mtaro, nikadhani nimewahi. Majira ya kuchipua mwaka jana mti ukatoa maua kupita miaka yote, matawi yakainama, na mimi nikafurahi kijinga. Baba angenikumbusha kwamba mti wa jamii hii ukichanua kupita kiasi huenda unaaga. Kufikia kiangazi majani yalipoteza ule mng'ao wake, yakawa kama viatu visivyopakwa rangi, kisha yakaanza kugeuka manjano.

Nilichimba kuzunguka shina. Mizizi mingi ilikuwa imevikwa nyuzi nyeupe za ukungu, ukiigusa inatoka ganda mkononi. Nilikuwa nimepiga magoti pale, nakata iliyooza kwa kisu, tope mpaka viwikoni, niliposikia sauti.

"Wewe Suekichi! Hapo unazika au unafukua?"

Dada, niligeuka nyuma kutazama anayeitwa ni nani. Alikuwa Isoji, amesimama upande wake wa ule ukuta mfupi unaotenganisha makaburi yetu na yao. Hilo ndilo neno la kwanza alilonitamkia tangu nikiwa na miaka kumi.

Hapa lazima nirudi nyuma, kwa sababu wewe hukuwahi kuambiwa. Mama alikuandikia kwamba nyumba zetu ziligombana kwa sababu ya maji ya mashamba. Haikuwa maji. Siku chache baada ya wewe na mumeo kuondoka kwenda Kobe kupanda meli, baba alikwenda kupogoa Kope, akakuta upande unaotazama kwa kina Ogata tawi zuri limekatwa, mkato wa mshazari, safi, wa kisu kikali. Unamjua baba na mti ule. Hakuna aliyewahi kupewa hata kijiti kitoke nje ya ukoo, hata yule tajiri wa Yamaga aliyekuja na magunia ya mchele. Chini ya tawi palikuwa na alama za viatu vya majani zikielekea ukutani kwa kina Ogata. Baba hakuuliza. Aliingia uani kwao, watu wamejaa wakitayarisha mbegu za mpunga, akasema mbele ya wote kwamba Isoji ni mwizi, tena mwizi wa makaburini. Mzee Ogata akamgeukia mwanawe amjibu. Isoji alisema, "Sina la kusema." Ni hayo tu. Mzee wake akampiga kofi mbele ya majirani, kisha akamwambia baba asikanyage tena ua ule.

Isoji alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili. Sisi watoto tulimtungia wimbo. Washenga wakawa wanapita mbali na nyumba yao, maana nani atampa binti yake mtu anayeiba kwa wafu? Alioa alipokuwa na miaka thelathini na mitano, mjane wa mbali ambaye hakuwa na wa kumpa habari, na mwanamke huyo hakudumu. Alimwachia mtoto mmoja, Noboru, ambaye sasa yuko Osaka.

Nami nilirithi ugomvi pamoja na nyumba. Ule ubao wa matangazo unaozungushwa nyumba kwa nyumba nilikuwa nauacha juu ya ukuta na jiwe juu yake, yeye anauchukua nikishaondoka. Njia ya kwenda makaburini kila mtu alifagia nusu yake, na majani yaliyoangukia katikati yakaozea hapo hapo. Hata watu walipoanza kuhama na tukabaki wawili, hatukusalimiana. Asubuhi ninafungua dirisha, namwona anafungua lake, kila mmoja anatazama hali ya hewa. Sumie peke yake ndiye aliyekataa. Alisema ugomvi ule haukuwemo kwenye vyombo alivyokuja navyo harusini, na alimsalimu Isoji kila alipokutana naye, nami nikiwa nimegeuza kichwa.

Sasa unaelewa nilivyoshtuka. Nilijibu kwa ukali kwamba mizizi imeoza, haoni? Akasema, "Naona. Kata juu nusu nzima. Kimizizi hicho kilichobaki hakiwezi kulisha mwili wote huo." Akajiendea zake. Nilikasirika kwa sababu alikuwa amesema kweli. Nikasubiri mpaka alipoingia ndani na kufunga mlango, ndipo nikaleta msumeno, asije akafikiri ninamtii.

Nilibadilisha udongo, nikauwekea kivuli cha matete, nikachukua vijiti vya kuotesha kwenye changarawe. Vijiti vyote vilikauka. Damu ya mti ilikuwa imeshaharibika. Vuli jani la mwisho lilidondoka. Nilisubiri mpaka kuelekea mwisho wa mwaka, nikikwaruza gome kwa ukucha kila asubuhi kutafuta ukijani, kisha nikalikata shina. Lilikuwa jepesi kuliko nilivyodhani. Nililibeba mwenyewe hadi nyumbani, na siku nzima sikuwasha redio. Ukoo wetu ulikuwa umebaki na mimi, wewe uliye ng'ambo ya pili ya dunia, na mti ule. Nilijiona kama mtu aliyekabidhiwa mlango akaupoteza ufunguo.

Mwezi wa pili, tarehe ishirini na tatu, ilikuwa kumbukumbu ya kifo cha Sumie. Kila mwaka nilimpelekea ua la Kope kwenye kile chombo cha mianzi kaburini. Mgonjwa humpelekei kamelia, unajua, kwa vile ua lake huanguka zima kama kichwa, na alipokuwa hospitali aliniomba nikamnyima, nikaambiwa na wauguzi nimefanya vyema. Kwa hiyo baada ya kufa nilikuwa nampelekea bila kukosa, kama mtu anayelipa. Mwaka huu nilipanda na uvumba na machungwa tu. Kulikuwa na theluji nyembamba.

Kwenye mianzi ya Sumie palikuwa na ua la Kope.

Nilidhani macho yamenichezea. Nililitoa, nikalishika. Petali nyeupe, michirizi myekundu, nyuzi za njano zimejaa. Maji ya theluji yalikuwa bado yanadondoka kwenye kikonyo. Na katika theluji kulikuwa na nyayo za mtu mmoja, zimekuja na kurudi kwenye ukuta wa kina Ogata.

Niliuvuka ukuta, mimi mtu mzima, nikachana suruali. Niliingia kwenye ua ambao sijaukanyaga tangu utotoni, lile ua la kamelia mkononi kama mtu aliyeshika ushahidi wa polisi. Isoji alikuwa barazani akimenya mizizi ya yungiyungi. Hakusimama. Alisema, "Umechelewa. Nilidhani utakuja kabla ya saa tatu." Kisha akanyanyuka akaniongoza nyuma ya banda la zamani la viwavi wa hariri, kwenye kona kati ya banda na uzio wa mianzi, mahali ambapo hapaonekani kutoka popote. Mkamelia ulikuwa pale. Ulikuwa mpana kuliko urefu wake, kwa sababu kila tawi lililochungulia juu ya uzio miaka yote hiyo alilikata, hata likiwa na maua. Ulikuwa umechanua wote. Na majani, dada, yaling'aa mpaka nikaona aibu.

Nilimpigia kelele. Nilimwambia kumbe baba alisema kweli, kumbe tumeishi na mwizi ukutani, na bado anathubutu kumpelekea mke wangu ua la wizi. Yeye alinisikiliza mpaka pumzi zikaniisha.

"Umemaliza?"

"Sijamaliza!"

"Basi malizia ndani, nje baridi. Chai inapoa."

Niliingia. Sijui kwa nini niliingia. Labda kwa sababu kulikuwa na vikombe viwili. Tulikaa miguu yetu ikiwa chini ya blanketi la meza yake yenye jiko la makaa chini, akanimiminia, akasema, "Sikuiba, Sue. Nilipewa." Nikamuuliza na nani. Akasema na mtu aliyekuwa na haki ya kutoa. Nikamwambia mwenye haki alikuwa baba peke yake. Akasema, "Kunywa chai." Nikamuuliza basi kwa nini amempelekea Sumie. Hapo alinitazama vizuri, akasema, "Mkeo alinisalimu miaka thelathini. Wewe ulikuwa unaangalia mawingu. Nilijua mwaka huu hana ua, ningekaaje?"

Nilikula mizizi yake ya yungiyungi yenye haradali, ikanipanda puani, machozi yakanitoka, na nikaacha aamini kwamba ni haradali.

Kesho yake nilirudi, nikajidai nimekuja kuuangalia mti. Keshokutwa sikujidai chochote. Dada Tazu, nitakuambia ukweli: wiki tano zilizofuata zilikuwa njema kuliko miaka yangu yote mitatu ya ujane. Nilimpikia supu ya matonge ya unga kama ya mama. Akasema matonge yangu yanaweza kujengea ukuta, akala bakuli mbili. Tulisikiliza mieleka redioni, yeye upande wa kila anayeshindwa. Ananiita bwana mdogo, mimi mwenye miaka sitini na moja. Siku moja alisema baba yangu alijaliwa mdomo na mimi nimerithi masikio tu, nikamjibu kwamba bora masikio kuliko kichwa kisicho na nywele wala neno la kusema, na tulicheka mpaka akakohoa. Nilikuwa nimesahau kwamba kicheko huumiza mbavu.

Mwezi huu tuliunganisha vijiti vya Kope kwenye miche mingine. Mikono yake inatetemeka na macho yangu hayaoni karibu, kwa hiyo yeye alikuwa macho na mimi mikono. Tulichimba miche minne ya kamelia mwitu, ile inayochanua vuli, tukakata vichwa vyake na kupasua shina katikati. Nilichonga vijiti vya Kope kama kabari, nikavichomeka kwenye mpasuko. Unakumbuka kazi yote iko kwenye lile ganda la kijani chini ya gome; likikosana na lenzake kidogo tu, mti haushiki. Isoji aliniinamia pua ikikaribia kugusa kisu, akiniamrisha: "Kushoto. Kushoto, nimesema! Hapo. Usipumue." Tukafunga kwa utepe, tukavifunika kwa mifuko ili unyevu usitoke, tukaviweka kivulini. Vitatu bado vina rangi ya uhai. Kimoja sina hakika.

Nilianza kupanga. Nilimwambia vuli tutapunguza matumba pamoja, na mwakani tupande mmoja pale ulipokufa wa babu, tukishauponya udongo. Alikuwa akitikisa kichwa tu, ndiyo, ndiyo. Kisha wiki iliyopita aliniuliza kama ninayo maboksi matupu. Nikauliza ya nini. Akasema, "Nilidhani unajua. Noboru anakuja kunichukua Jumatano." Alianguka bafuni mwezi wa kwanza, dada, akalala sakafuni mpaka asubuhi, na mimi ng'ambo ya ukuta sikujua, kwa sababu hatukuwa watu wa kuulizana. Mwanawe aliposikia alimwapisha kwamba majira ya baridi mengine hatayakuta hapa. Yote hayo yalikuwa yameshapangwa kabla sijauvuka ukuta. Nadhani ndiyo sababu alipeleka lile ua. Hakutaka kuondoka na mti uko kule nyuma bila mtu wa kuuosha majivu.

Jumanne alasiri tulimaliza kufunga vyombo, tukakaa barazani tukiutazama mlima. Nikamwambia anaenda zake, mimi nabaki na wafu, na miongoni mwao ni baba anayemwita mwizi mpaka leo. Basi aniambie ni nani aliyempa lile tawi. Alifagia makombo kwenye paja lake. Kisha akasema jina lako.

Alisema ulikuja mchana, siku moja kabla ya safari, watu wote wakiwa mashambani, ukipita kwenye miforosadi. Tawi ulikuwa umelifunga kwa majani yaliyoloweshwa ndani ya kitambaa chako cha kichwa, na ulikuwa umejikata kidole gumba. Ulimwambia ulimwomba baba tawi la kwenda nalo Brazili akakataa, akasema Kope haitoki ukoo huu na wewe unakwenda ukoo wa watu. Ukasema, "Sawa. Basi litabaki na mtu ambaye mimi ningebaki naye." Ndivyo alivyonisimulia, na aliyasema polepole kama mtu anayebeba bakuli lililojaa. Alisema hata maji hukunywa. Ulicheka, ukakimbia, na yeye akakusindikiza mpaka ukutani. Zile nyayo alizoziona baba zilikuwa zake kweli, lakini alikuja kufunika jeraha la mti kwa udongo, kwa kuwa wewe katika haraka yako uliliacha wazi.

Nilimuuliza, nusura nimshike shati, kwa nini hakusema. Angesema neno moja tu pale uani. Akanijibu kwamba ndani ya meli ile ulikuwa na mumeo Kihei, na mama yake Kihei, na watu wawili wa ukoo wa Inadome. "Ningetaja jina lake hapa, barua ingemtangulia bandarini Santos. Angefika kwenye nchi ya watu, hajui lugha, hana mama karibu, na mama mkwe anamtazama kwa jicho lile. Mimi nilikuwa kwetu. Kwetu mtu anaweza kuvumilia." Halafu akaongeza kwamba mwanzoni alidhani atanyamaza mwaka mmoja mpaka uzoee. Baadaye ukapata mtoto. Baadaye vita. Baadaye ikawa hakuna anayeuliza tena.

Niliteremka barazani nikapiga magoti kwenye udongo wa ua wake, nikaweka paji la uso chini, kwa niaba ya baba na kwa niaba yangu. Akasema, "Inuka wewe, utavunja mgongo, na kesho mimi sipo wa kukunyanyua."

Aliniomba nisikuandikie. Alisema una kitukuu sasa, uachwe upumzike. Nimejaribu kumtii kwa siku mbili, nimeshindwa. Sikulaumu, dada, na usijilaumu. Ulikuwa na miaka ishirini na hukuambiwa kilichofuata; sisi ndio tulioyaficha kwenye hadithi ya maji. Lakini nimeona si haki uishi na kufa bila kujua kwamba ulifika Brazili na jina safi kwa sababu mtu hapa alikubali lake lichafuliwe. Jana nilipanda makaburini nikamweleza baba pia, kwa sauti kubwa, kama ulivyokuwa ukimsomea gazeti. Sijui amelipokeaje.

Noboru alikuja na gari la mizigo. Ni mtu mpole, ananenepa. Isoji alikaa mbele, mmoja wa ile miche minne ukiwa mapajani ndani ya chungu, kwa ajili ya roshani ya huko Osaka ambako anasema jua linafika saa mbili tu kwa siku. Kope mkubwa ameniachia mimi. Lango hakulifunga. Gari lilipokata kona ya daraja alitoa mkono dirishani, hakugeuka.

Leo asubuhi nimefungua dirisha nikatazama hali ya hewa. Kijiji kizima kina moshi mmoja, na ni wangu. Sasa sina tena hata mtu wa kumnyima salamu.

Anwani yake nimeiandika nyuma ya bahasha, kwa maandishi makubwa ili Helena asikosee. Najua kuandika kunakuchosha na kwamba barua moja inakuchukua siku nyingi. Kwa hiyo ukishika kalamu, usinijibu mimi. Mwandikie yeye kwanza. Mimi naweza kusubiri.

Wabusu watoto wote kwa niaba ya mjomba wao wasiyemjua, wasalimie majirani zako, na uache kuificha fimbo. Afya yako ndiyo ombi langu kila ninapowasha uvumba.

Ni mimi mdogo wako,

Kiyota Suekichi